Mpira Uliolazwa na Kengele

Tagbakan, Marinduque
29 Mei 1988

Kaka Anselmo,

Tumsifu Yesu Kristo. Huku hatujambo, isipokuwa goti la Mama, ambalo siku hizi linatangaza mvua kabla ya redio. Nguruwe jike amezaa saba, mmoja akamlalia. Sabuni na maziwa ya unga uliyompa kijana wa Orense yamefika, ingawa kopo moja lilikuwa limeshaonjwa. Mwanao Crispulo anakula kama mashine ya kukoboa mpunga. Amenizidi kichwa na mabega, nikitaka kumgombeza ananiletea kiti nipande.

Sasa lililonikalisha kuandika. Fainali ya ligi ya mpira wa kikapu ya sikukuu ya Mtakatifu Isidro ilikuwa sisi na kijiji cha Balogo. Mume wangu Berting ndiye kocha wetu mwaka huu, na kama unavyojua anautaka uenyekiti wa kijiji. Kocha mwenye kombe hana haja ya kubandika picha kwenye minazi. Mimi nilikuwa mezani, mshika saa, kama miaka yote. Zimebaki sekunde chache, tunaongoza kwa pointi moja. Yule kijana wao Leoncio akapenya katikati ya watu wetu kama samaki mkunga, akaruka. Crispulo akaruka naye. Kengele ya Malaika wa Bwana ikalia. Wakagongana, Leoncio akaangukia mkono, mpira ukazunguka kwenye chuma ukatoka nje. Refa, Mzee Isko, hakupuliza filimbi. Alikuwa ameshavua kofia na kugeukia kanisa kama sisi sote. Tulipomaliza sala, Leoncio bado yuko chini, kifundo cha mkono kimevunjika.

Tukamalizia zile sekunde, tukabeba kombe. Balogo hawalitambui. Wanasema: "Mtupe mitupo yetu miwili, la sivyo mfungieni huyo mpigaji asiguse mpira tena."

Bi Delfina wa duka la dawa, ambaye ndiye mkubwa wa kamati, ameitoa ile kanuni ya uwanja uliyoiandika ulipokuwa refa: "Kengele ya jioni ikilia, mpira unalala, saa inasimama, na kila mtu anasimama alipo." Wameisoma wote, wakaisoma tena. Hakuna anayejua kama mpira uliolala u hai au umekufa. Bi Delfina akasema, "Aliyeulaza yuko Arabuni, mwandikieni yeye."

Berting anaona ukiandika mstari mmoja tu, kwamba kulala ni kufa, mambo yote yatakwisha. Ile habari ya kocha wa shule ya Manila kumchukua Crispulo Juni ya mwakani bado ipo. Anachotaka ni karatasi safi kutoka kwa ligi. Usiitie wasiwasi.

Dada yako,
Perpetua

*

Dammam
3 Julai 1988

Perpetua, dada yangu,

Nakusalimu, na umsalimie Mama na goti lake. Barua yako ya tarehe 29 Mei imenifikia 30 Juni. Hapa joto limefika pale ambapo nyaya zenyewe zinatoa jasho. Chumbani tuko wanne, mmoja wa Pangasinan anakoroma kwa lugha yake. Ijumaa tunasali kimyakimya, pazia limeshushwa. Kengele sijaisikia mwaka wa tatu huu, kwa hiyo usishangae nikiihoji sana.

Nimeisoma barua yako mara kadhaa. Nakujibu kwa utaratibu.

Mpira ukiwa hai, kumgonga anayerusha ni faulo ya kawaida. Mgongaji anaandikiwa faulo yake, aliyegongwa anapewa mitupo miwili, na baadaye wanakunywa pamoja. Mpira ukishakufa, mambo yanageuka. Kugusana kwa bahati mbaya hakuhesabiwi kabisa, refa anapita kama hakuona. Lakini kugusana kwa kukusudia ni kosa baya kuliko yote, maana hakuna tena mpira wa kuusingizia. Huyo hachezi, anapiga. Anatolewa na kufungiwa. Na chini ya kengele bahati mbaya haipo, kwa sababu mimi mwenyewe niliandika kila mtu asimame alipo. Aliyesogea amekusudia.

Basi pima. Kulala kukiwa ni kufa, Tagbakan inabaki na kombe na mwanangu anafungiwa. Mpira ukiwa hai, Balogo wanapata mitupo yao na mwanangu ana faulo moja kama mchezaji yeyote. Huo mstari mmoja anaoutaka Berting ndio huo unaomfunga Crispulo. Na Berting anajua. Tulikaa naye dawati moja kwenye kozi ya marefa kule Boac.

Kuna njia ya tatu. Aliyekwisha ruka hawezi kutii amri ya kusimama; hata Malaika hamwambii ndege atue angani. Kama miguu ya wote wawili ilikuwa imeacha sakafu kabla ya kengele, ile ni faulo ya kawaida juu ya mrushaji, mpira ulale usilale. Wewe umeandika waliruka, kisha kengele ikalia. Uliona hivyo, au sentensi ndiyo iliyojipanga? Maana mstari wa chini yake umeandika kwamba wote mligeukia kanisa. Mshika saa hageuki, Petang. Anasali macho yakiwa uwanjani. Hilo nilikufundisha mimi.

Nijibu swali moja: kengele ilipolia, miguu yao ilikuwa wapi?

Na kwa nini Crispulo hajaniandikia?

Kaka yako,
Anselmo

*

Tagbakan
31 Julai 1988

Kaka Anselmo,

Salamu za hapa ni za mvua. Mama anakuuliza kama Waarabu wanakupa samaki wakavu. Nimemwambia wanakupa kondoo, akasema maskini. Shule imefunguliwa. Crispulo anakusalimu sana. Kuandika ameambiwa asubiri kwanza mambo yatulie.

Miguu sikuiona. Niliandika kama watu wanavyosimulia, sikujua kwamba nawekewa sentensi zangu kwenye mizani. Mzee Isko naye hakuona, wala wachezaji. Wote wanasema walikuwa na Mungu. Crispulo anasema hata kengele hakuisikia, kwa zile kelele. Balogo wanamcheka: "Amekuwa kiziwi wa sala!"

Juzi Mzee Isko alikuja kunywa kahawa. Berting akamwambia, "Mzee, wewe ndiye refa. Sema tu mpira ulikufa."

Mzee Isko akajibu, "Nikisema umekufa, kuna mtu wa kuzikwa naye. Nani?"

"Mwaka mmoja tu. Nitaongea na Bi Delfina, kijana apewe mwaka mmoja, aombe msamaha, basi."

"Na Manila watamsubiri mwaka mmoja? Wewe ulisubiri mwaka mmoja kumwoa huyu?"

Wakacheka wote wawili. Mimi nilikuwa nachambua mchele, sikucheka.

Kaka, wewe uko mbali. Sisi ndio tunaokutana na watu sokoni. Kombe limewekwa dirishani kwetu, watu wanapita wanalipigia saluti. Ukiandika kwamba mpira ulikuwa hai, ni sisi tutakaolibeba kombe mbele yao kulipeleka Balogo. Fikiri na hilo.

Petang

*

Dammam
12 Septemba 1988

Petang,

Mwambie Mama samaki wakavu huku hakuna.

Bahasha yako ilifungwa kwa gundi ya posta, halafu juu yake ikafungwa kwa wali uliopondwa. Mtu haifungi bahasha mara mbili kwa mkono wake mwenyewe. Kama kuna anayezisoma hizi, namsalimu: habari zako, shemeji.

Umenijibu nisiloliuliza ukaacha nililouliza. Ameambiwa asubiri, na nani? Wote hawakuona, nimekubali. Walikuwa wanatazama kanisa. Lakini nimekaa nawe pale mezani misimu sita. Ulikuwa unasali bila kupepesa jicho. Mwaka ule Orense alipoingia uwanjani katikati ya sala kwenda kufukuza mbuzi, ni wewe uliyemwona, peke yako.

Kama hukuitazama miguu, ulikuwa unatazama nini?

Anselmo

*

Tagbakan
2 Novemba 1988

Kaka,

Leo tumetoka makaburini kuwasha mishumaa ya marehemu. Ya mkeo nimeiwasha mimi, Crispulo akaikinga na upepo kwa fulana yake. Tufani imepita kwetu wiki iliyopita. Jiko halina paa, minazi ya upande wa bahari imelala yote, kwaya imepoteza ngoma. Watu wote ni wazima. Nguruwe wamebaki wawili. Ningeandika mapema kama ningekuwa na mahali pakavu pa kuandikia, na kama ningetaka.

Nimekasirika, na nitakwambia kwa nini. Jumapili baada ya Misa, Padre ananishika mkono mbele ya watu: "Mwambie kakako nimepata barua yake." Barua gani? "Ile ya kuuliza habari za kengele." Watu wa mbele yangu wakageuka. Berting alikuwa nyuma yangu.

Kwa hiyo unaniuliza mimi, huku unamuuliza Padre juu yangu. Mimi uliyeniachia mtoto ana miaka kumi na minne, nikamlea, nikamfulia hizo fulana za mpira. Ungetaka kujua, ungeuliza waziwazi.

Nyumbani Berting aliniuliza, "Kakako anatafuta nini kwenye kengele?"

Nikasema, "Sijui."

"Na wewe umemwambia nini?"

"Nimemwambia nguruwe wamezaa."

"Petang."

"Zisome basi, si unajua kuzifungua?"

Akaenda kukata matawi yaliyoangukia uzio, mpaka giza.

Kuhusu wali kwenye bahasha, nyumba hii ina watu wanne na wote wanakula wali. Kuhusu nilikuwa natazama nini, usiniulize tena. Kuna mambo mtu akiyasema hayarudi mdomoni. Wewe ukimaliza mkataba utarudi kwenye nyumba yako. Mimi nyumba yangu ni hii.

Bi Delfina anasema kamati itakaa Januari, uwe umejibu usiwe umejibu. Kocha wa Manila ametuma mtu kuuliza ile karatasi.

Perpetua

*

Dammam
9 Desemba 1988

Dada yangu Petang,

Pole kwa paa, na ahsante kwa mshumaa. Mwenzangu mmoja anakuja likizo ya Krismasi, namtuma kwako. Usimwonjeshe pombe ya Berting, ana boti ya kuwahi.

Ni kweli nilimwandikia Padre bila kukwambia. Sikukuamini. Ningekuamini, nisingeandika. Naliweka hivyo ili tusizungushane.

Padre amenijibu kwamba jioni ile hakuwepo. Alikuwa kwenye ubatizo ng'ambo ya mto. Kengele aliachiwa Imong. Imong ni binamu ya Berting. Padre hakusema zaidi, ila ameandika kwamba aliporudi alikuta watu wanakunywa na kombe mezani, akashangaa mchezo ulivyowahi kwisha.

Nimelala na neno hilo. Mwezi wa Mei jua linachelewa kuzama, hata hivyo mchezo ukisimama kwa kengele watu humalizia gizagiza, refa akilalamika. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kila mwaka. Mwaka huu hakuna aliyelalamika giza.

Sitakuuliza ulichokuwa unatazama. Nadhani nimekijua. Lakini kujua kwangu nikiwa Dammam hakuna kazi, maana mimi sikuwepo, na kamati haitamfungulia wala kumfungia mtoto kwa dhana za baba yake. Watasema namtetea wangu, na ni kweli.

Kwa hiyo nimefanya jambo moja tu nililo na haki nalo. Nimemwandikia Bi Delfina maana ya kanuni yangu, kwa mkono wa Padre, isipite nyumba ya mtu. Nakunakilia hapa ujue hakuna mtego:

"Mpira uliolala si hai kwa wachezaji, kwa hiyo uhesabiwe umekufa. Lakini unalazwa na kengele ya Malaika wa Bwana peke yake, inapolia kwa wakati wake, saa kumi na mbili jioni. Kengele ya moto, ya harusi, ya msiba, au ya mtu anayejaribu kamba, haiulazi mpira. Ikilia hiyo, mchezo unaendelea na kila faulo ni faulo ya mpira ulio hai. Anayejua ni kengele gani ililia ni mshika saa, kwa kuwa ndiye mwenye saa."

Unaona kwamba nimempa Berting mstari wake. Kulala ni kufa, kama alivyotaka. Kilichobaki ni wewe.

Ukisema ilikuwa ya Malaika, nitaamini kwamba umesema, na sitauliza tena. Crispulo atakuja huku akifikisha miaka, nitamtafutia kazi ya nyaya.

Anselmo

*

Tagbakan
5 Februari 1989

Kaka Anselmo,

Mama yuko salama, paa limerudi, nguruwe bado wawili. Haya mengine yote yasubiri, maana najua umeruka mistari kutafuta hili.

Kamati ilikaa darasani, lile la watoto wa darasa la tatu, watu wazima wamejikunja kwenye viti vidogo kama kamba wa baharini ndani ya kikapu. Balogo walikuja wengi, na Leoncio mwenyewe, mkono umepona lakini umepinda kidogo. Bi Delfina akasoma mstari wako. Alipofika "umekufa" watu wetu wakapiga makofi. Berting akapiga makofi. Alipofika "kwa wakati wake" makofi yakapungua, kama mvua inayohamia kijiji kingine.

Bi Delfina akavua miwani. "Perpetua, saa ulikuwa nayo wewe. Kengele ilipolia, uliisimamisha?"

"Niliisimamisha."

"Basi ilikuwa ya Malaika."

Watu wetu wakaanza kunyanyuka. Kaka, hapo palikuwa na mlango wa kutokea, na ulikuwa wazi. Crispulo alikuwa amesimama ukutani nyuma. Hakunitazama. Alikuwa anatazama viatu vyake, vile ulivyomtumia, ambavyo vimeshambana. Nikamwona amekwisha kubali.

Nikasema, "Mkono ndio uliosimamisha saa, kwa mazoea. Macho yalifuata baadaye."

"Yakaona nini?"

"Saa kumi na mbili kasorobo, au pungufu."

Mtu mmoja wa Balogo nyuma akasema, "Kumbe Malaika alikuwa na haraka!" Mwingine akamjibu, "Si Malaika wa Bwana, ni malaika wa kampeni!" Wakacheka mpaka Bi Delfina akagonga meza kwa rula ya watoto.

Mzee Isko akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, saa yako haikuwa imekosea?"

"Niliwaza hivyo, ndiyo maana sikuona miguu. Nilinyanyua macho kutazama mnara. Watu wote walikuwa wanatazama mnara. Mmoja tu hakuutazama, kwa sababu hakushangaa."

"Alikuwa anatazama nini?"

"Mkono wangu, kama umesimamisha saa."

Sikumtaja. Hakukuwa na haja. Berting akasimama, kiti cha mtoto kikasimama naye kimemng'ang'ania nyuma. "Mke wangu hayuko sawa tangu tufani," akasema. Hakuna aliyecheka, hata kwa kile kiti, na hapo ndipo nilipoogopa.

Wakamwita Imong. Alikuja ameshalia. "Mimi niliona taulo," akasema.

"Taulo gani?"

"La kocha. Tuliambiana akilipunga juu nivute kamba. Sikujua ni kwa ajili gani. Nilidhani ni kuwaombea."

Berting akasema, "Nilikuwa najifuta jasho!"

"Juu ya kichwa?" akauliza Mzee Isko. "Jasho lako linapanda?"

Bi Delfina akanigeukia tena, na hili ndilo swali lililoniuma. "Kwa nini hukusema siku ile ile?"

Nikamwambia, "Kwa sababu alikuwa ananitazama." Na ni kweli, ingawa si yote. Kombe pia nililipenda. Nililifuta vumbi kila asubuhi kwa miezi minane, nikijua.

Wakaamua: mpira ulikuwa hai, faulo ya kawaida, Leoncio apewe mitupo miwili, na zile sekunde zirudishwe.

Jumapili ya tarehe 29, baada ya Misa, uwanja ulijaa kuliko siku ya fainali. Watu walipanda hadi kwenye ukuta wa kanisa. Padre alikaa chini ya mnara, kamba ya kengele ameikalia. Nilidhani mezani wangemweka mtu mwingine. Mzee Isko akaniletea saa mwenyewe, "Shika. Huku hakuna mwingine anayejua kuisoma."

Leoncio akasimama kwenye mstari. Watu wetu wakaanza: "Mkono umepinda! Mpira utapinda!" Crispulo, aliyepangwa pembeni kugombea mpira utakaorudi, akawageukia: "Nyamazeni, arushe." Wakanyamaza, Kaka, kwa mtoto wa miaka kumi na saba. Wa kwanza ukaingia safi. Wa pili uligonga chuma, ukakaa juu, ukafikiri, ukaingia. Balogo wakapata kombe kwa pointi moja. Tulirusha mpira mmoja wa mbali zile sekunde zilipokuwa zinakwisha, ukaangukia kwenye kibanda cha mwuza keki za wali.

Bi Delfina aliandika karatasi palepale, kwenye goti: Crispulo, msimu mzima, faulo za kawaida tu, hana doa. Ilipelekwa Jumanne na mtu wa kocha. Jibu limekuja Ijumaa. Atakwenda Juni. Barua yake nimeiambatanisha, ameandika mwenyewe, sikuisoma, na nimeifunga mara moja tu.

Sasa nikwambie na ya kwangu. Uliandika kwamba hukuniamini. Nilisoma nikasema, huyu ni ndugu gani. Lakini ungeniamini ningenyamaza, ningeona umeshaniruhusu. Sikushukuru kwa hilo. Nakutaarifu tu.

Sokoni kuna wanaonisalimu zaidi na kuna wasionisalimu kabisa. Mama ya Imong ananiuzia samaki bila kunitazama, lakini hajanipunja. Jioni kengele ikilia, watu wanatazama saa kwanza ndipo wanavua kofia. Padre amekasirika, amehubiri juu yake.

Berting hakuhama. Nilidhani atahama, au ataniambia nihame. Kwa wiki nzima aliosha sahani yake mwenyewe, jambo ambalo halijatokea tangu tuoane. Uenyekiti hajauacha. Anasema watu watasahau, uchaguzi wa Machi bado mbali. Anazunguka nyumba kwa nyumba na picha zake, na mvua inazibandua.

Jana alirudi amelowa, akakaa nami jikoni. Akaniuliza, "Ungesema vile kama angekuwa mtoto wa mtu mwingine?"

Sikumjibu. Najua hata wewe ungependa kuniuliza, na wewe pia sitakujibu.

Akamenya kitunguu kimoja, vibaya. Halafu akasema, "Basi niambie hili tu. Mimi utanipigia kura?"

Nikamwambia, "Berting, kura ni siri."

Dada yako,
Perpetua